Marahaba ya Kuazima

Narae alisubiri bibi yake azamishe mikono yote miwili kwenye beseni la kabeji na chumvi, ndipo akaichukua simu.

Ilikuwa juu ya friji, kwenye kifuko chake cha maua. Hata ingelia, Bibi Malsun asingeweza kuishika, maana chumvi ilikuwa imempanda mpaka kwenye viwiko. Narae alilijua hilo. Alikuwa amelipigia hesabu tangu asubuhi. Ndiyo maana baadaye, kila alipojaribu kujiambia kwamba ulikuwa utoto tu, moyo ulimkatalia. Utoto hausubiri mtu alowanishe mikono kwanza.

Gemu lilitaka mtu aliyetimiza miaka kumi na tano. Narae alikuwa na kumi na nne, tena kwa hesabu ya kwetu, ya kumpa mtoto mwaka mzima siku anayozaliwa. Akaandika jina la bibi yake, Gwak Malsun, akaandika mwaka 1950, akaandika namba ya simu. Simu ikatetemeka mkononi mwake. Tarakimu sita za kuthibitisha.

"Nani huyo?" Bibi aliuliza kutoka jikoni.

"Matangazo, Bibi."

"Hao nao hawachoki. Jana walitaka kuniuzia bima ya meno. Meno yenyewe yako wapi."

Narae alicheka kidogo ili asikike anacheka, akaingiza zile tarakimu kwenye kompyuta, akafuta ujumbe, akairudisha simu juu ya friji, kifuko kikiwa kimeelekea kulekule kilikokuwa kimeelekea mwanzo.

Gemu liliitwa Safina ya Nane. Meli kubwa kama mji imebeba watu elfu arobaini waliogandishwa, inakwenda kwenye sayari ambayo hakuna aliyewahi kuifikia. Safari ni ya miaka mia tatu. Wewe unaamshwa katikati ya safari kwa sababu kuna kitu kimeharibika, na ukishaamka hakuna kulala tena. Narae alikuwa amewasikia wasichana wawili wa darasani wakilisimulia wakati wa chakula cha mchana. Hawakuwa wanamsimulia yeye. Yeye alikuwa meza ya nyuma yao na sinia lake, anatafuna polepole ili chakula kisiishe kabla ya kengele, kwa sababu kikiisha mapema inabidi uinuke, na ukiinuka peke yako watu wanakuona. Tangu aanze kidato cha kwanza hakuna aliyekaa naye. Hawakuwa wamemfanyia ubaya. Walikuwa tu hawajamwona, na yeye hakujua mtu anaanzaje kuonekana.

Kwenye Safina unaanza kwa kujitengeneza. Alitumia saa nzima kwenye pua peke yake. Akaambiwa achague kazi: rubani, askari, tabibu, au fundi. Alichagua fundi, kwa vile picha ilimwonyesha fundi yuko ndani ya kuta za meli, peke yake, na taa kichwani. Kazi ya kujificha. Akaona ataiweza.

Hakuiweza. Mtu wake alifungua macho ndani ya sanduku la barafu, ving'ora vinalia, sauti ikamwambia ainuke. Narae hakujua kitufe cha kuinukia. Akabonyeza vyote. Mtu wake akapiga saluti, akakaa, akacheza muziki, mbele ya wageni wengine kama ishirini walioamshwa saa ileile. Alipofanikiwa kusimama akapewa mtungi wa kuzimia moto, akaenda nao moja kwa moja mpaka ukutani, na pale ukutani akakwama, miguu inatembea, mwili hauendi.

Maneno yakaanza kupita chini ya skrini.

"Tazameni, yule fundi anapigana na ukuta."

"Ukuta unaongoza mbili bila."

"Mpeni ukuta zawadi."

Uso wa Narae ulipata moto, ingawa chumbani alikuwa peke yake na mlango umefungwa. Alikuwa anatafuta pa kuzimia gemu lenyewe alipoona mtu anaitwa Kijiko amesimama karibu na mtu wake.

"Waache hao, wote walianza hivyohivyo," Kijiko aliandika. "Fundi, usigeuze mwili. Geuza kipanya kwanza, mwili utafuata. Polepole. Umeona?"

Narae aliona. Alizima moto wake wa kwanza Kijiko akiwa amesimama nyuma yake kama mtu anayemfundisha mtoto baiskeli. Moto ulipoisha, Kijiko akamwambia ana kikosi chake, Karakana ya Mwisho, watu kumi na moja, hawana matusi, hawana papara. Akitaka aingie. Ila ajitambulishe kama wenzake walivyofanya: mwaka wa kuzaliwa, mji, kazi.

Kwetu hilo halina mjadala. Watu hawawezi hata kuongea vizuri kabla ya kujua nani mkubwa na nani mdogo. Bila mwaka hujui umwite mwenzako kaka au mdogo wangu, hujui uanze wewe kuamkia au usubiri kuamkiwa, unabaki umefumba mdomo. Narae aliliangalia lile swali muda mrefu. Akawaza kwamba mkuu wa kikosi lazima anaona jina lililosajiliwa. Akiandika mwaka wake, Kijiko ataona haulingani, atatoa taarifa, simu ya bibi italia, na safari hii mikono ya bibi itakuwa mikavu. Baadaye alikuja kujua kwamba hakuna mtu anayeona chochote. Lakini siku ile hofu ndiyo iliyoshika kibodi.

Akaandika: 1950. Daejeon. Nauza vitoweo sokoni.

"Hamsini?" mtu mmoja aliandika.

"Samahani, labda kidole kimeteleza," mwingine akasema. "Ulitaka kuandika tisini?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Angesema kidole kimeteleza, yangeishia hapo. Narae akaandika: "Hakijateleza."

Kijiko ndiye aliyeanza. "Shikamoo, Mama. Utusamehe, tumekuwa tunakutania hatujui." Kisha wa pili akaandika shikamoo. Wa tatu. Zikashuka kwenye skrini moja baada ya nyingine, shikamoo kumi na moja, za watu wenye kazi zao na watoto wao, na zote zilikuwa zinamsubiri yeye.

Hakuna mtu aliyewahi kumwamkia Narae. Yeye ndiye aliyekuwa akiamkia watu wote. Akaandika marahaba kwa kidole kimoja. Lilikuwa neno jepesi kuandika, na wepesi ule ndio uliomtisha.

Toka siku ile walimbeba kama yai. Alipotoka shule saa kumi na moja jioni, kabla Bibi hajarudi kutoka sokoni, alifungua kompyuta na kuwakuta wanamsubiri. "Shikamoo, Bibi, leo magoti yanasemaje?" Wakamfundisha kila kitu kwa herufi kubwa na kwa uvumilivu wa ajabu. "Bibi, kile kitufe cha pili kutoka kushoto. Usiharakishe. Meli haiendi popote." Wakampa nguo ya kuingilia sehemu zisizo na hewa, wakampa taa isiyozima, wakamzuia kwenda mbele kwenye mapigano. Akikosea walisema anajitahidi. Akipatia walisifu mpaka akaona haya. Siku alipotengeneza injini ya kwanza mwenyewe, Kijiko alisema kama mama yake mzazi angekuwa na roho ile ya kujifunza, asingekuwa anakaa anaangalia ukuta huko kijijini.

Narae alipenda. Hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote, kwamba alipenda. Usiku akivuta shuka alijiona kama mtu aliyekalia kiti cha mzee kwenye basi akajifanya amelala.

Alijaribu kuwa mzee kweli. Akaanza kumsikiliza bibi yake jinsi anavyoongea, akawa anayabeba maneno yake kwenda nayo Safina. Bibi akimwambia muuza dagaa wa meza ya jirani, "Jua la leo lina deni na mtu," kesho yake fundi wa Safina alisema hivyohivyo mbele ya jua la sayari nyingine, na watu wakafurahi.

Ndani ya kikosi kulikuwa na tabibu anaitwa Pilipili. Alizaliwa 1981, muuguzi wa kweli huko Cheongju, ana mume na mtoto mdogo. Jioni moja mwezi wa sita walikuwa wawili tu wanasubiri wenzao, Pilipili akaandika: "Bibi, nikuulize jambo lisilo la gemu?"

"Uliza."

"Mama mkwe amepooza upande mmoja. Mume wangu anataka aje akae kwetu. Nina zamu za usiku, nina mtoto. Nikikataa nitaonekana sina utu. Mama yangu angekuwepo ningemuuliza yeye. Nifanyeje?"

Narae aliyasoma yale maneno mara mbili. Angeweza kusema sijui. Badala yake akasema, "Nipe mpaka kesho nifikirie," kama wazee wanavyosema.

Wakati wa chakula cha jioni akamuuliza bibi yake.

"Nani huyo mwenye mama mkwe?" Bibi alisema.

"Mtu tu. Kwenye tamthilia."

"Tamthilia gani, mbona mimi siijui?" Bibi alichukua kipande cha figili, akakitafuna huku anawaza. "Amchukue. Huwezi kulala vizuri unajua mama wa mwenzako amelowa huko aliko. Lakini mwanaume ndiye amwoshe mama yake, ndiye amgeuze, ndiye aamke. Mke amsaidie tu. Na waandikiane hilo kabla mzee hajavuka kizingiti, maana akishavuka hakuna atakayekumbuka. Mwanaume asipokubali, basi asimchukue. Mimi nilimuuguza mama wa babu yako miaka tisa, babu yako hata siku moja hakujua beseni linakaa wapi."

Kesho yake Narae alifungua Safina zikiwa zimebaki dakika mbili lango la mtambo lifunguliwe. Kikosi kizima kilikuwa tayari. Akamwandikia Pilipili haraka: "Mchukue, mwanangu. Huwezi kulala vizuri unajua mama wa mwenzako amelowa huko aliko."

Nusu ilionekana inatosha. Lango likafunguka, wakaingia.

Wiki ya pili ya mwezi wa nane Kijiko aliandika mbele ya wote: "Bibi, tumepiga hesabu. Wa hamsini wanatimiza sabini mwaka huu. Tunataka kuja kukuamkia ana kwa ana."

"Hapana, msijisumbue," Narae akaandika.

"Hakuna usumbufu."

"Kweli, msije. Sitaki makubwa."

"Mnamsikia?" Kijiko akawaambia wenzake. "Huyo ndiye mzee wa kweli. Mama yangu naye alikataa mara tatu, mara ya nne akauliza mnakuja saa ngapi."

"Nakataa kabisa," Narae aliandika, na hiyo ikawa ya tatu.

Wakacheka. Kadiri alivyokataa ndivyo walivyomwona mwenye adabu. Kwetu mzee anayekubali zawadi mara ya kwanza ndiye anayeshangaza. Narae alilijua hilo tangu hajaota meno, na bado hakuwa na njia nyingine ya kukataa. Kijiko alisema yeye ni dereva wa lori, Jumamosi anashusha mzigo Daejeon, atampitia Pilipili njiani. Soko analijua, Bibi mwenyewe ameshawahi kulitaja, na meza iko karibu na bomba la maji, hilo pia alishalisema. Watapita dakika kumi tu.

Zilibaki siku nne za kumwambia bibi yake ukweli. Siku ya kwanza Bibi alikuwa amechoka. Siku ya pili alikuwa na furaha, Narae akaona vibaya kuiharibu. Siku ya tatu alifungua mdomo kabisa, akasema, "Bibi, mimi," na Bibi akasema, "Wewe umepungua, ongeza wali." Jumamosi asubuhi wakaenda wote wawili sokoni.

Saa tano hivi walitokea kwenye kona ya bomba. Mwanaume mnene wa miaka arobaini na kitu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, kapakata boksi. Nyuma yake mwanamke mwembamba amebeba keki za mchele zilizofungwa kwa kitambaa cha waridi. Narae aliwajua kabla hawajasema neno.

"Samahani, ndiye Bibi wa meza ya karibu na bomba?" mwanaume aliuliza.

"Ndiye. Mnataka dagaa wa pilipili au wa karanga?"

Mwanaume aliweka boksi chini, akatandaza katoni tupu mbili juu ya sakafu yenye maji, na wote wawili wakapiga magoti, mikono chini, vipaji vya nyuso chini, ile heshima kubwa ya siku ya kutimiza miaka sabini, palepale kati ya ndoo za kabeji ya kimchi na kreti za samaki. "Shikamoo, Bibi. Mungu akupe miaka mingine mia."

Soko likageuza shingo. Bibi Malsun alisimama na koleo lake la dagaa hewani. Akawaangalia migongo. Kisha akamwangalia mjukuu wake, na alichokiona kwenye ule uso kilimtosha.

"Marahaba," alisema polepole. "Inukeni, mtalowa."

"Mimi ndiye Kijiko," mwanaume alisema akiinuka, macho yamemlegea kwa furaha. "Na huyu Pilipili wako. Bibi, hivi ndivyo nilivyokuwaza. Hata sauti."

"Kijiko," Bibi alisema.

"Ndiyo."

"Na Pilipili."

Pilipili alikuwa ameushika mkono wa Bibi kwa mikono yake miwili. Mikono yake ilikuwa imepasukapasuka kwenye vifundo, na chini ya macho palikuwa peusi. "Bibi, nimekuja kukushukuru kwa yale maneno. Nilimchukua mama. Ulisema mtu huwezi kulala vizuri unajua mama wa mwenzako amelowa huko aliko. Nililia nilipoyasoma. Sasa hata silali sana, lakini roho iko sawa."

Bibi aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye mdomo wa mtu asiyemjua. Angeweza kusema, mimi sijakuambia kitu. Hakusema. Alisema, "Narae, waletee wageni viti," na baada ya viti kuletwa hakuongeza neno. Alimwacha mjukuu wake asimame pale katikati, kama mtu aliyeachiwa nafasi apite.

Narae hakupita. Alimimina chai ya shayiri kwenye vikombe. Alisikia Kijiko anamwambia muuza dagaa jirani, "Mama huyu si wa kawaida, anatengeneza injini," na muuza dagaa anauliza, "Malsun? Huyu anayeniita mimi nimbadilishie balbu?" Wakacheka wote wawili, kila mmoja kwa sababu yake.

Kisha Kijiko akafungua boksi. Ilikuwa kibodi. Wameitafuta kikosi kizima, alisema, ya wazee, herufi kubwa kama kucha za kidole gumba, vitufe laini visiumize maungio. Akaiweka kwenye mapaja ya Bibi. Bibi aliishika kwa ncha za vidole vyekundu vya pilipili, akaigeuza, akaangalia chini yake, kama mtu aliyepewa sahani anatafuta inafunguliwa wapi. Kijiko alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilianza kuuliza.

"Ni mimi," Narae alisema.

Mashine ya kusaga barafu ilikuwa inanguruma. Hakuna aliyesikia. Ikabidi aseme mara ya pili, na ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

"Fundi wa Safina ni mimi. Nilitumia simu ya Bibi. Yeye hajui hata kuwasha kompyuta."

Kijiko alicheka kwanza. Akamgeukia Bibi ili wacheke wote. Bibi hakucheka.

"Una miaka mingapi?" Kijiko alimuuliza Narae.

"Kumi na nne."

"Mwanangu ana kumi na sita." Alilisema kwa sauti ya chini, kama anahakiki anwani. Masikio yake yalianza kuwa mekundu, wekundu ukashuka shingoni mpaka kwenye kile kifungo cha juu. "Kila jioni. Nashusha mzigo, naegesha lori, nakimbilia kukuamkia. Nauliza magoti yako yanasemaje."

Narae alitazama viatu vya yule mwanaume. Vilikuwa vimepigwa rangi, vipya vya leo, na kwenye magoti ya suruali yake maji ya samaki yalikuwa yameacha mabaka mawili.

"Kumbe kwa Malsun wakubwa ndio wanaoamkia," muuza dagaa alisema, si kwa ubaya, basi tu mdomo wake ulikuwa hivyo. Watu wawili watatu wakacheka.

Ndipo Bibi Malsun alipoiweka kibodi juu ya meza, akajifuta mikono kwenye aproni, akasimama mbele ya yule dereva na kuinama. Hakuinamisha kichwa tu. Aliinama kiuno kizima, mikono imeshikana mbele, akabaki hivyo. "Nisameheni. Nimemlea mimi. Kosa lake ni langu."

"Bibi, usifanye hivyo," Pilipili alisema, akamshika mabega amwinue. Kijiko naye akaruka mbele. Mwanamke wa miaka sabini ameinama mbele ya watu wanaoweza kuwa watoto wake, na soko zima linaona. Narae alipiga magoti palepale, nje ya katoni, akasema samahani, samahani, mpaka neno likakosa maana. Angekubali kuchapwa. Angekubali meli yote iungue. Ule mgongo wa bibi yake uliokunjika ndio kitu ambacho hakuweza kukiangalia na hakuweza kuacha kukiangalia.

Kijiko hakumgombeza. Alisema tu, "Mimi nina mzigo wa kushusha," akaokota katoni zake mbili, akazikunja vizuri, akaenda. Pilipili alimfuata, akageuka mara moja kama mtu anayetaka kuuliza kitu, halafu hakuuliza. Keki za mchele zilibaki juu ya meza na kitambaa chao cha waridi. Hakuna aliyezigusa. Mpaka jioni Bibi hakumsemesha zaidi ya "pima" na "funga."

Jumapili ile soko lilikuwa limefungwa. Bibi aliweka karai la machipukizi ya soya sakafuni, akaanza kuyakata mikia. "Leta hiyo kompyuta," alisema. "Nisomee yote uliyoyasema kwa jina langu."

"Yote?"

"Yote. Kama niliyasema mimi, niyajue."

Narae alisoma. Sauti ilikuwa inakatika, Bibi anasema, "Sisikii," anarudia. Alisoma marahaba ya kwanza, ya pili, ya thelathini. Alisoma magoti ambayo hayakuwahi kuuma. Alisoma "Jua la leo lina deni na mtu," Bibi akaguna. Alisoma "mwanangu" alivyomwita mwanamke wa miaka thelathini na tisa, na hapo akasimama, akaomba aruke. Bibi akasema hapana. Akasoma mpaka mwisho ule ujumbe wa mama mkwe.

Kisu cha Bibi kikatulia. "Endelea."

"Umeishia hapo."

"Haukuishia hapo. Mimi nilisema mwanaume ndiye amwoshe. Nilisema waandikiane kwanza. Iko wapi hiyo?"

Narae aliangalia skrini, ingawa alijua haipo. "Gemu lilikuwa linaanza," alisema.

Bibi hakuwa amekasirika kama jana. Ilikuwa zaidi ya hasira. "Umeona mikono yake?"

"Nimeiona."

"Mimi nilikuwa na mikono ile miaka tisa. Na sasa nimemwambia mwenzangu akaichukue, mimi, kwa mdomo wangu." Akasukuma simu kwa kifundo cha mkono. "Mpigie. Usiandike. Piga, aisikie sauti yako."

Namba ya Pilipili ilikuwa kwenye ukurasa wa kikosi. Simu iliita mara sita. Narae alisema jina lake, jina lake mwenyewe, ambalo Pilipili hakuwahi kulisikia. Alisema yeye ni yule mtoto wa jana. Alisema ushauri ule haukuwa mzima, bibi yake alisema mengine, yeye aliyaacha kwa sababu alikuwa na haraka ya kucheza. Kisha akayasema yote, neno kwa neno, na Bibi akiwa palepale anaitikia kwa kichwa kila alipopatia: mumeo ndiye amwoshe, ndiye amgeuze, ndiye aamke, wewe msaidie tu, na muandikiane.

Upande wa pili maji yalikuwa yanachuruzika kwenye kitu cha plastiki. Yakaacha.

"Na asipokubali?" Pilipili aliuliza.

"Bibi alisema asipokubali, basi usimchukue. Lakini umeshamchukua."

"Nimeshamchukua," Pilipili alisema. "Nimekusikia." Simu ikakatika.

"Amesemaje?" Bibi aliuliza.

"Amesema amesikia."

"Amekusamehe?"

"Hakusema."

Bibi aliinamia karai lake. Narae akarudi kwenye kompyuta, akawaandikia kikosi kizima mwaka wake wa kuzaliwa, 2006, na alichokifanya, na kwamba jina la bibi yake analifuta leo. Aliona alama ya waliosoma ikipanda, mmoja, wanne, tisa. Hakuna aliyejibu. Akalifuta. Meli ilimuuliza mara mbili kama ana uhakika.

"Na yule mwanaume?" Bibi alisema.

"Nimempigia mara tatu tangu asubuhi. Hapokei."

"Kesho utampigia tena."

"Asipopokea?"

"Keshokutwa." Bibi alimsogezea nusu ya machipukizi. "Mikia tu. Vichwa usikate."